Bibi wa Juzuu ya Tatu

JUMATANO, JIONI

"Hatapiga simu polisi," alisema Dulcie. "Atawaambia ameibiwa nini?"

Wakacheka, wote isipokuwa Savia. Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha duka la Ramzanali, kule Crescent Town, Toronto, wamekalia masanduku ya safari yaliyokosa wanunuzi. Chumba kilinuka gundi na ngozi bandia. Juu ya sanduku kubwa lililogeuzwa meza, Dulcie alikuwa ameijenga nyumba kwa vyombo vya chai. Birika ni sebule. Kisahani ni maktaba ya mzee. Kijiko kilicholala katikati ni ukumbi.

Dulcie alikuwa Mgoa, Mhindi Mkatoliki wa Dar es Salaam, karani mstaafu, miaka sitini na ushee, sauti ya kwanza katika kwaya. Ukimwona kanisani na shela yake nyeusi ungempa funguo za nyumba. Wengi walimpa. Katika wizi alikuwa na kanuni moja tu: iba kitu ambacho mwenyewe anaona haya kukitaja. Pembe za ndovu zilizovuka forodha ndani ya godoro. Vidani vya nyumba ndogo. Nishani ambayo mtu aliinunua mnadani, akawaambia wajukuu kwamba alivishwa vitani. Wenyewe waligundua, wakanyamaza, wakabaki nalo moyoni. Polisi wa Toronto hawakusumbuliwa hata siku moja.

"Safari hii ni kitabu," alisema. "Kitabu kichafu. Kilichapwa London kisirisiri, enzi za Malkia Victoria, mwandishi hakuweka jina. Juzuu tatu. Mbili za kwanza zipo zipo. Ya tatu, mteja anasema duniani imebaki moja. Na hiyo moja iko Don Mills, kwa Cyril."

Kyle akapiga mluzi. Huyu alikuwa mpwa wa Dulcie, fundi wa kufuli, miaka thelathini na kitu, upara umeshaanza. Alizaliwa hapa hapa. Kiswahili alikisikia chote. Kukizungumza ilikuwa shughuli nyingine.

"Anko Cyril? Anayesoma masomo Jumapili? No way."

"Huyo huyo."

"Na ndiyo maana atanyamaza," alisema Ramzanali. Alizaliwa Mwanza, akafanyia biashara ya mabegi nchi tatu, na huko nyuma alisafirisha vitu vingi visivyopenda kuonekana. Ukimwambia sanduku liwe na sakafu mbili, hakuulizi swali, na litapita salama mbele ya mbwa wa forodha.

Mpango ulikuwa huu. Oktoba ni mwezi wa rozari. Sanamu ya Bikira Maria huzunguka nyumba za Wagoa, inakaa siku chache hapa, siku chache pale. Siku ya kuhama, jumuiya hukusanyika, huimba litania, hula dengu za nazi, kisha Mama hupelekwa nyumba inayofuata. Husafiri ndani ya sanduku la mbao lenye bitana ya mahameli. Jumamosi anahama kutoka kwa Cyril. Mwenye zamu ya usafiri ni Dulcie. Na sanduku lilikuwa limeshapita mikononi mwa Ramzanali.

"Mimi si Mkatoliki," alisema Ramzanali, "lakini nilipokuwa napiga misumari ile, hata mimi niliona haya."

"Utaungama kwenu," Dulcie akamjibu. "Sikilizeni. Saa saba tunaingia. Sebule itajaa, kwa hiyo sanduku tupu linakaa maktaba, na Kyle analilinda. Sefu iko nyuma ya mlango. Tukiimba, unafanya kazi. Wimbo wa mwisho ukianza, watu wote wanasimama kumbusu Mama miguu. Hapo ndipo unaleta sanduku sebuleni. Tunampakia, tunaaga, tunasepa. Mteja yuko hotelini Dixon Road, karibu na uwanja wa ndege. Saa tisa na nusu asipotuona, anaondoka zake."

"Wimbo wa mwisho," alisema Kyle. "Got it."

Hakuna aliyemuuliza kama anaujua.

"Na mimi?" aliuliza Savia.

"Wewe unaimba. Na fungu lako liko pale pale."

"Fungu gawaneni. Mimi nilisema nataka kukisoma. Kabla hakijafika kwa mtu yeyote."

Ramzanali akaguna. Dulcie akaunyoosha mkono, akampapasa Savia shavu kama mtoto aliyeamka na homa.

"Utakisoma, mwanangu. Njiani, ndani ya gari, utakuwa nacho mwenyewe. Nimekupa neno langu."

Dili hili ni Savia aliyelileta. Alikuwa na miaka arobaini na saba, Mgoa wa Nairobi, na kila Alhamisi alimpikia Cyril tangu mzee alipofiwa. Hakujitolea. Alitolewa. Mumewe, Darryl, alisimama mbele ya watu kanisani akasema, "Savia wangu atakuja," kama anayeazimisha ngazi. Basi Savia akaenda, akakaanga samaki, akasonga ugali mzee akiutamani, na siku moja akaikuta kabati ya maktaba haijafungwa.

Juzuu ya kwanza aliisoma wali ukikauka. Ya pili ilimchukua msimu mzima wa baridi, kurasa chache kila Alhamisi, mwiko mkononi.

Mwanamke wa kitabu hakuwa na jina. Savia alimwita Bibi. Bibi aliishi London kwenye moshi na matope, mjane kijana, na alikuwa na jambo moja ambalo Savia hakuwahi kulikuta katika kitabu wala katika maisha: alisema anachotaka. Alimwambia mwanamume, polepole. Alimwambia, siyo hapo. Alimfukuza bwana mkubwa mwenye mashamba kwa sababu alikuwa na haraka, akamwita mwendesha gari la farasi kwa sababu alikuwa na subira. Halafu akalala usingizi, akaamka, akanywa chai. Hakuna radi iliyompiga.

Savia alikuwa amejaribu mara moja. Mwaka wa sita wa ndoa, gizani, alimwambia Darryl jambo dogo tu. Darryl aliwasha taa. Akauliza, "Nani kakufundisha?" Kisha akazima, akageukia ukutani, na asubuhi akamsalimia kwa adabu kama mgeni. Tangu hapo Savia hakutamka tena. Darryl alikuwa mtu mwema. Alilipa bili, alisali, hakumpiga. Savia alikuwa amechoka na wema ule kiasi cha kutaka kupiga mayowe dukani, katikati ya watu, mbele ya mizani ya nyanya.

Kwa hiyo alitaka kujua jambo moja. Mwanamke anayesema anachotaka, mwisho wake huwa nini? Vitabu vyote alivyosoma vilimpa jibu lile lile: anakufa, anachanganyikiwa, au anapiga magoti mbele ya padri. Bibi alikuwa amevuka juzuu mbili bila kupiga magoti. Ya tatu ilikuwa ndani ya sefu.

"Unajihangaisha," Ramzanali alimwambia akizima taa za duka. "Vitabu vile waliandika wanaume. Karani fulani na ndevu zake, anacheka peke yake. Hakuna mwanamke pale."

"Umekisoma?"

"Sina haja."

"Katika juzuu ya pili," alisema Savia, "yuko katikati ya mambo, mara anakumbuka kuwa ameacha sufuria motoni. Mwanamume gani angeandika hivyo?"

Ramzanali akachukua funguo. Akafunga duka.

JUMAMOSI, SAA SABA MCHANA

Nyumba ya Cyril ilijaa viatu mlangoni. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamekaa hadi kwenye mikono ya makochi. Bikira Maria alisimama juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mishumaa pande zote, uso wake mdogo wa pembe ukiwa umeelekea mlangoni. Alikuja na meli kutoka Goa hadi Mombasa zamani hizo, akaja na ndege kutoka Nairobi hadi hapa, mapajani mwa mtu. Jikoni dengu zilikuwa zinatokota.

Cyril mwenyewe alipiga magoti mbele, suti ya kijivu, mgongo wima. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini na bado aliongoza litania kwa sauti inayokufanya ujihisi mchafu.

Savia alipiga magoti karibu na mlango wa ukumbi. Nje, Ramzanali alikuwa ndani ya gari jeupe la mizigo, injini inanguruma. Ndani ya maktaba, mlango umefungwa, alikuwa Kyle.

"Utuombee," waliitikia. "Utuombee."

Savia aliimba, sikio likiwa ukumbini. Akasikia mlio mdogo wa chuma, kama kijiko kinachogusa sinia. Kisha kimya. Kisha mbao kukwaruza mbao. Kyle alikuwa anafunga sakafu ya chini. Kazi imekwisha! Moyo wa Savia ukaruka. Juzuu ya tatu ilikuwa nje ya sefu.

Litania ikafika mwisho. Watu wote wakasema "Amina", amina moja ndefu yenye mkia. Hapo kuna pumziko. Kila Mgoa aliyelelewa kwenye rozari anajua kwamba hilo ni pumziko tu. Bado kuna sala ya marehemu, majina ya familia nzima mpaka babu wa babu, ndipo wimbo wa mwisho. Mama mmoja mzee akaanzisha ubeti mfupi wa kuwaombea wafu.

Kyle aliujua mpira wa magongo wa barafuni toka mwanzo hadi dakika za nyongeza. Rozari aliwahi kulazwa usingizi nayo tu. Alisikia amina, akasikia wimbo, akanyanyua sanduku. Alipofika ukumbini hakuona mtu aliyesimama, wala mtu anayebusu miguu. Akababaika. Badala ya kurudi maktaba, akatoka nje moja kwa moja.

Cyril alikuwa ameelekea dirishani. Alimwona Kyle akikatiza bustani, amebeba sanduku la Mama, Mama mwenyewe bado yuko mezani.

Sauti ikamkatikia. Sanduku halitoki bila Mama. Haijawahi kutokea, si Goa, si Nairobi, si Toronto. Mzee akanyanyuka kwa kushika meza, akapita katikati ya watu, akaingia maktaba.

Dulcie alikuwa ameshasimama. Utulivu wa mwanamke yule ulikuwa wa kutisha. Akaifunika sanamu kwa shela yake, akaikumbatia kifuani.

"Mama anachelewa!" alitangaza. "Familia nyingine inasubiri."

"Hatujambusu!" alilalamika mtu.

"Mtambusu huko huko," alisema Dulcie, akatoka. Savia alimfuata, akiwa na hasira na kila mtu: na Kyle, na dengu, na huo wimbo wa mwisho ambao wangeweza kumwimbia kijana wa watu hata mara moja.

Waliingia garini. Dulcie mbele na Mama mapajani. Savia nyuma, na Kyle, na sanduku katikati yao. Ramzanali akaweka gia. Mkono wa mtu ukashika ukingo wa dirisha la Savia.

Cyril alikuwa amevaa ndala. Alikuwa anahema. Nyuma yake, barazani, akina mama walikuwa wametoka wote, wengine na vibakuli mkononi, wanatazama. Mzee akafungua kinywa kupiga kelele. Akageuka, akawaona. Akakifunga.

Dulcie alikuwa sahihi. Ilikuwa inaonekana usoni mwa mzee, neno limekwama kooni kama mwiba wa samaki.

Akainama dirishani. "Savia," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye unayenipikia."

"Ndiyo, Anko."

"Nirudishieni."

Ramzanali alitazama mbele.

"Basi nakuomba kitu kimoja. Msikifungue. Kurasa zake hazijakatwa. Nimekaa nacho tangu Nairobi, sijaingiza hata ukucha."

Savia alidhani hakusikia vizuri. "Hujakisoma?"

"Kikifunguliwa, kimekwisha!" Machozi yalikuwa yanamlenga mzee. "Thamani yake yote ni hiyo. Hakijawahi kufunguliwa na mtu."

Ramzanali akakanyaga mafuta.

SAA NANE MCHANA

Barabara ya 401 ilikuwa imejaa magari kama kawaida yake, njia kwa njia, yanasogea halafu yanasimama. Ndani ya gari walikuwa wanamrukia Kyle.

"Wimbo wa mwisho, Kyle! Wa mwisho!"

"They sang, Anti! Waliimba!"

"Huo ni wa marehemu!"

"How am I supposed to know?"

Savia aligeukia dirisha. Alikuwa anaufikiria ule mkono wa mzee dirishani. Vitabu vya zamani vilitoka kwa mchapaji karatasi zikiwa zimekunjwa, kingo zimeshikana. Msomaji ndiye aliyezipasua kwa kisu, ukurasa baada ya ukurasa, ili asome. Hilo alilijua. Cyril alikuwa amemweleza mwenyewe, Alhamisi moja, kuhusu kitabu kingine. Kwa hiyo Bibi alikuwa amesema maneno yake zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na hakuna kiumbe aliyewahi kuyasikia. Wanaume walimnunua, wakamfungia, wakamuuza, wakajisifu. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anasema nini.

"Dulcie," alisema. "Ulijua?"

Dulcie hakugeuka. "Nilijua nini?"

"Kwamba hakijafunguliwa. Kwamba mteja anakitaka hivyo hivyo."

Ramzanali akajikuna shingo.

"Mteja anataka kisichokatwa," alisema Dulcie mwishowe. "Ndiyo bei yenyewe. Kikikatwa ni karatasi kuukuu."

"Ulinipa neno lako."

"Bila neno langu ungetuambia sefu iko wapi?"

Savia alikamata ukingo wa kiti. Haikuwa huzuni. Huzuni aliizoea. Ilikuwa ni ile ghadhabu ya mizani ya nyanya, safari hii bila breki. Baba yake alimwambia atasoma baadaye. Darryl alimwambia watazungumza baadaye. Dulcie, ambaye alidhani ni rafiki, hata baadaye hakuwa na mpango wa kumpa.

"Hata kitabu," alisema, "mnakitaka bikira."

"Usianze," alisema Ramzanali.

"Mwanamke yuko mle ndani anasema. Anasema tangu enzi hizo! Na nyinyi mnamlipia ili mjue kwamba hajasikika!"

"Kyle," alisema Dulcie, "shikilia hilo sanduku."

Kyle alilishikilia. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka kwenye upara. Walikuwa wamemtukana toka Don Mills, na aliyebaki kumtukana ni Savia tu. Akamtazama Savia. Savia akamtazama.

"Anti," alisema Kyle polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili moja moja. "Wewe... unataka kusoma tu? That's all you wanted?"

"Hilo tu."

Kyle akatazama kisogo cha shangazi yake. Kisha akabonyeza mahali upande wa chini wa sanduku, kibao kikateleza, akampa Savia juzuu ya tatu.

Ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani. Ngozi ya kijani, hakuna jina mgongoni. Savia alifungua mkoba kutafuta kitu chenye ukingo. Hakuwa na kisu. Alikuwa na kadi ya basi. Akaiingiza kwenye mkunjo wa kwanza, akavuta. Karatasi ikalia.

Dulcie akageuka kama aliyechomwa. "Savia!"

Mkunjo wa pili. Wa tatu. Kingo zilichanika ovyo ovyo, vipande vidogo vikamwangukia magotini. Savia hakujali. Alizidi kukata, kwa haraka na kwa raha.

"Simamisha gari!" alipiga kelele Dulcie.

"Nisimame wapi? Niko njia ya katikati!" Ramzanali alipiga honi bila sababu. Lori kushoto, lori kulia.

Dulcie alijaribu kunyoosha mkono nyuma. Lakini Mama alikuwa mapajani mwake, na ili amfikie Savia ilibidi amweke chini, kwenye zulia la gari, penye matope ya viatu. Dulcie aliiba kwa wajane, kwa wagonjwa, kwa mapadri wawili. Kumweka Mama chini hakuweza. Alibaki amejipinda, mkono mmoja hewani, mwingine umekumbatia sanamu, anatukana kwa Kikonkani cha kwao Goa.

"Kyle! Mnyang'anye!"

Kyle alitazama nje ya dirisha.

Savia alikata mpaka mkunjo wa mwisho, na gari lilikuwa limeshafika Dixon Road.

SAA TISA NA ROBO

Mteja alikuwa amesimama nyuma ya hoteli, karibu na mapipa, mtu mrefu mwenye koti la thamani na glavu nyembamba. Maghorofa ya Kingsview Village yalionekana ng'ambo ya barabara, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza. Ndege ilipita chini chini, madirisha yakatetemeka.

Dulcie alimnyang'anya Savia kitabu, akampelekea mteja mwenyewe, Mama akiwa bado kwapani. Savia aliwatazama kupitia kioo. Mteja alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Akapitisha kidole ukingoni. Kidole kikasimama. Akakifungua katikati, akakifunga. Alimrudishia Dulcie bila kusema kitu, kama mtu anayerudisha kikombe kilichopasuka, akaingia kwenye gari lake, akaondoka.

Dulcie alirudi. Alimkabidhi Ramzanali ile sanamu, kwa uangalifu, akafungua mlango wa nyuma, akampiga Savia kibao. Pete ikampasua mdomo. Kisha akamtupia kitabu kifuani, akamchukua Mama wake, akaketi mbele, akaanza kulia kwa hasira.

Savia alijifuta damu kwa kiganja. Ajabu, hakuhisi maumivu. Alihisi tu kwamba bado hajasoma. Amekata, ametukanwa, amepigwa, na bado hajasoma!

Wakakaa. Hakuna aliyejua pa kwenda. Mwishowe Ramzanali alishusha pumzi.

"Haya," alisema. "Tumeshaharibikiwa. Soma basi, tujue tumefilisika kwa sababu gani."

"Soma, Anti," alisema Kyle.

Dulcie hakusema soma. Lakini aliacha kulia.

Savia alifungua sura ya mwisho. Ilikuwa fupi, ukurasa mmoja na kitu. Akaipitia kwa macho katika Kiingereza chake cha kale, akaisoma kwa Kiswahili, polepole, akisimama kila penye neno gumu.

"'Waungwana. Mmenifuata katika vyumba vyote. Mmehesabu vifungo vya nguo zangu. Nimewaeleza nilichokitaka na jinsi nilivyokipata, nanyi mkadhani nawaeleza kwa kuwa siwezi kunyamaza. Leo jioni anakuja mtu ninayempenda. Jina lake hamtalijua, wala umbo lake, wala kama ni mwanamume au mwanamke. Nimefua mashuka mwenyewe. Tutakachofanya hakimo katika kitabu hiki, wala hakitakuwa katika kingine. Hiki ni changu. Nasikia hatua zake. Naufunga mlango. Ngazi ya kushukia mnaijua.'"

Savia akafunua. Ukurasa uliofuata ulikuwa mweupe. Uliofuata pia. Karatasi nane tupu, alizozikata kwa bidii zote zile, hadi jalada.

"Ndiyo mwisho?" aliuliza Dulcie. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Aliolewa? Alikufa?"

"Amefunga mlango."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Sisi tuko nje."

Kwanza Savia alichukia. Hata wewe, aliwaza. Hata wewe unaniweka nje, baada ya yote haya! Alitaka kukitupa kitabu kwenye mapipa. Alimtaka Bibi amwambie, sentensi moja tu, kwamba inawezekana. Akasoma tena ule mstari wa mashuka. Akausoma tena. Hasira ikabaki pale pale, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, na kilikuwa kinataka kucheka.

"Basi ameandika mwanamke," alisema Ramzanali, akiongea na usukani. "Mwanamume asingeufunga."

Ndipo gari la polisi lilipoingia. Halikuwa na kelele, taa tu. Likajipanga mbele yao, la pili likaziba nyuma. Kyle akasema neno ambalo halisemwi mbele ya Mama.

"Tulieni," alisema Dulcie, akajipangusa macho. "Hawezi kuwaambia. Hawezi kukitaja."

Askari wa kike alikuja upande wake, akainama dirishani, akatazama mapajani mwa Dulcie.

"Bibi, tunatafuta sanamu," alisema. "Sanamu ya kale ya pembe. Mzee mmoja wa Don Mills ametoa taarifa na namba ya gari, na doria ikaliona likiingia hapa. Anasema mmeichukua nyumbani kwake katikati ya sala. Ana mashahidi sebule nzima."

Dulcie alimkumbatia Mama kwa nguvu zaidi. Savia alielewa yote pamoja naye. Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi zake na ndala zake, na neno lake limekwama kooni, akatafuta, akatafuta, mpaka akapata kitu anachoweza kukitaja bila kuona haya. Na wao wenyewe ndio waliompa.

Waliwashusha mmoja mmoja. Ramzanali alijaribu kueleza zamu ya usafiri, na nyumba inayofuata, na dengu. Askari wa pili aliandika kila kitu bila kuelewa hata kimoja. Walimpokonya Dulcie sanamu, na hapo tu ndipo uzee wake ulipoonekana.

Askari wa kike alipekua kiti cha nyuma. Akaona vipande vya karatasi vimetapakaa, akaona kibao cha sanduku kilichoteleza, akamulika ndani kwa tochi. Patupu. Akaokota kitabu cha kijani. Akakigeuza huku na huku, kingo zimechanika, damu kidogo kwenye jalada. Akatazama simu yake.

"Kwenye taarifa kuna sanamu tu," alisema. "Hiki cha nani?"

Dulcie alitazama chini. Ramzanali alitazama ndege. Kyle alimtazama Savia.

Savia alilamba damu mdomoni. Alikuwa amesimama kwenye baridi, koti limebaki garini, mumewe nyumbani anasubiri chakula cha jioni.

"Changu," alisema.

Askari akampa, kisha akamfungulia mlango wa gari la polisi.